Barafu ya Ndizi Aliyoiomba Mama Yako

Kabula, mayu, mwanangu,

Nimekaa kwenye meza ya jikoni kwa Wazungu wa mgodi. Vyombo vya mchana vimeoshwa na memsabu amelala. Najua wewe uko kwa mama yako mdogo Holo unaaga, na hutarudi mpaka jua lipoe. Kwa hiyo nina muda wa saa tatu. Kwa mwandiko wangu saa tatu ni kurasa tano, labda sita, maana herufi nilijifunza nikiwa na ndevu, kwenye darasa la ubatizo kule Ushirombo, nimebanwa benchi moja na watoto walionicheka kwa sababu magoti yangu yalikuwa yanagusa kidevu.

Mambo ya safari sitayaandika. Blanketi unalo, viatu unavyo, na ukifika Tabora masista wa hospitali utakakojifunza uuguzi watakueleza la kufanya na la kuacha. Yatakayobaki Holo atakuwa amekwisha kukwambia leo, nawe unamjua, hatayafupisha.

Ninataka kukuandikia habari ya ule mkebe.

Miaka minne sasa, kila Jumapili jioni, ninakuja nyumbani na mkebe wa barafu ya matunda umeviringishwa gunia, nauweka mbele yako na kijiko. Kila Jumapili unainuka unakwenda kukaa nje. Mara moja tu ulisema neno. Ulisema, "Wapelekee wenyewe, baba." Nikaumwaga chini ya mpapai. Jumapili iliyofuata nikaleta mwingine, nawe ukainuka tena. Nimehesabu, ingawa hesabu yenyewe sitaiandika hapa.

Najua unachokijua. Unajua kwamba mama yako alipokuwa na homa aliomba barafu ya ndizi, na kwamba baba yako, ambaye ndiye fundi wa barafu hiyo, alimnyima akaenda kuwapakulia Wazungu. Holo alikwambia hivyo na Holo hakusema uongo. Lakini alikuwa amesimama mlangoni, na mtu aliyesimama mlangoni haoni nyumba yote. Ninakuandikia uione nyumba yote. Ukimaliza kuiona unaweza kunichukia vilevile, ila utanichukia kwa kitu kilichokuwapo.

Niruhusu nianzie mbali kidogo.

Babu yako alihama upande wa Shinyanga na ng'ombe kumi na mmoja kuja Usumbwa. Watu walimwambia kule ni nchi ya mbung'o, ng'ombe hawaishi. Akasema ng'ombe wake wana nguvu. Mvua ya pili ilipoanza alikuwa amebaki na fimbo tu. Ndiyo maana mimi nilikua bila kujua ladha ya maziwa. Ndiyo maana pia, nilipokuja kuambiwa na memsabu nipike kitu baridi, kitamu, kisicho na maziwa hata tone, sikuona ajabu. Maisha yangu yote yalikuwa hayana maziwa hata tone.

Hapa mgodini nilianza kwa kuteka maji. Kutoka kisimani mpaka jikoni ni hatua mia tatu na kumi na mbili. Baadaye nikaosha masufuria, kisha nikamenya viazi, kisha nikasimama nyuma ya mpishi nikitazama mikono yake. Sikuulizwa kama nataka kujifunza na hakuna aliyenifundisha. Nilihesabu tu: mayai mangapi, vikombe vingapi, dakika ngapi kwenye saa ya ukutani. Kichwa changu hakikuwa na kitu kingine, kwa hiyo hesabu zilipata nafasi.

Memsabu ana tumbo lisilopokea maziwa. Yakimgusa kidogo, hata ya kopo, siku mbili hatoki chumbani. Mpishi wa kwanza alimtengenezea barafu ya maziwa ya kopo kama alivyoamriwa na bwana mwenye nyumba, memsabu akaugua, na aliyefukuzwa ni mpishi. Memsabu alipotoka chumbani akaniita mimi.

"Boi, kitu baridi, tamu, hapana maziwa. Naweza?"

Alimaanisha kuniuliza kama nitaweza. Nilikuwa na umri wa kumzaa mke kijana wa mhandisi mmoja aliyekaa pembeni yake, na bado nilikuwa boi. Nikajibu, "Ninaweza, memsabu." Nilikuwa siwezi.

Mara ya kwanza sikukaza kifuniko, maji ya chumvi ya barafu iliyouzunguka yakaingia ndani ya mkebe. Mzee mmoja, Mzungu wa kinu cha kusagia mawe, akaonja, akaweka kijiko chini, akaniuliza, "Mpishi, samaki yake wapi?" Meza nzima ikacheka. Mara ya pili niliongeza asali nikidhani utamu utaficha makosa, nikazungusha mkebe mpaka mabega yakafa ganzi, na bado ulikuwa uji. Asali ikizidi haigandi. Mara ya tatu nilitumia ndizi za njano safi, nzuri kwa macho, zikatoka na ladha ya kutu. Mara ya nne niliuacha mkebe bila kuukoroga, ukawa jiwe, kijiko cha fedha kikapinda.

Mara ya tano ikakubali. Memsabu alikula bakuli mbili na tumbo likanyamaza. Wageni walipomsifu alisema ni ufundi wake mwenyewe, akaenda kuandika kwenye daftari lake, yeye ambaye mkebe ule hajawahi kuugusa kwa kidole. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake nimeshika trei. Nilijisikia kama mtu aliyezaa, mtoto akapewa jina na jirani.

Usiku wa siku ile niliparua mkebe, nikapata kikombe kimoja, nikakimbia nacho nyumbani chini ya koti. Mama yako alichukua kijiko kimoja, akafumba macho, akashika shavu. Nikadhani jino linamuuma. Akasema, "Baba Kabula, meno yangu yamekwenda Ulaya, mimi nimebaki hapa." Wewe ulicheka mpaka ukaangusha kikombe, tukagombana kwa kuwa kilikuwa kimoja. Unakumbuka? Sijui kama unakumbuka. Tangu afe hatujazungumza habari zake kwa kucheka.

Sasa nifike penyewe.

Homa ilimshika siku ya Alhamisi, mwezi ule wa joto kabla ya mvua. Jumapili ilikuwa siku ya nne. Mezani kwa bwana walitarajiwa watu wanane, wenyeji na wageni, na tangu saa nne asubuhi mkebe ulikuwa tayari kwenye ndoo ya mbao, umefunikwa gunia. Nilikuja nyumbani mara moja kumtazama mama yako. Wewe ulikuwa kanisani. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Aliniona, akasema taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua, "Nipe ile ya ndizi. Ile ya Ulaya."

Nikamwambia, "Ukipona."

Holo alikuwa mlangoni. Akasema, "Shemeji, mpe kijiko kimoja."

"Unataka kumuua? Mtu wa homa hapewi baridi."

"Nani kasema?"

"Mimi nimesema."

"Anakufa na kiu ya kitu kilichomo jikoni kwako, nawe unasema mimi ndiye ninayetaka kumuua?"

Nikachukua blanketi la tatu nikamfunika. Nikamwachia uji wa moto. Nikarudi kazini nikapakua bakuli nane. Jumanne asubuhi mama yako alikufa.

Hayo ndiyo aliyoyaona Holo. Haya yanayofuata hakuyaona, na sijamwambia mtu.

Nilipokuwa na miaka minane au tisa, mama yangu aliugua homa kama ile. Alikuwa analia kiu. Wakubwa walikuwa shambani. Nilichukua kibuyu nikaenda kwenye chemchemi iliyo chini ya mawe, ambako maji yake hata jua la saa saba halijawahi kuyapasha. Nilikimbia ili yasipoteze ubaridi. Alikunywa yote, akanishika kichwa, akasema ahsante. Jioni akafa. Shangazi zangu walipokuta kibuyu kina unyevunyevu waliuliza ni nani aliyempa maji ya mawe. Nikasema ni mimi. Shangazi mkubwa akasema, "Basi umemmaliza." Alisema mara moja tu, wala hakunipiga. Tangu siku ile mpaka siku ya homa ya mama yako ni miaka kama thelathini na minne, na sikumbuki hata mwezi mmoja uliopita bila mimi kuisikia sauti ile.

Kwa hiyo mama yako aliposema nipe ya baridi, mimi sikuwa namwona yeye. Niliona kibuyu.

Ningeweza kuishia hapo, na ungenihurumia, nami ningeipokea huruma yako nikijua nimeiiba. Lakini kuna jambo la pili. Mkebe ule hutoa bakuli nane, ukiparua sana nane na kijiko. Watu wa mezani walikuwa wanane. Nilipokuwa nimesimama pale karibu na kitanda, kichwa changu, ambacho kimezoea kuhesabu chenyewe bila kuombwa, kilihesabu. Nane kwa nane. Nikitoa kikombe, mtu mmoja mezani atapata bakuli isiyojaa, memsabu atauliza, na mpishi aliyenitangulia alifukuzwa kwa kosa lisilokuwa lake. Hesabu hiyo ilipita kichwani kwa muda wa kupepesa jicho. Lakini ilipita.

Kwa miaka mitano nimejaribu kujua ni hofu ipi iliyonizuia mkono, ya kibuyu au ya bakuli. Nimepima huku na huku. Sijui, mayu. Kuna siku naamka nikiwa na hakika ni kibuyu, na ikifika Jumapili wakati wa kupakua nakuwa na hakika ni bakuli. Nimekuandikia zote mbili kwa sababu wewe ndiye uliyedhulumiwa, na aliyedhulumiwa asipewe nusu.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake dresa, mganga msaidizi wa hospitali ya mgodi, alikuja jikoni kuomba barafu. Kulikuwa na mchimbaji mmoja, kijana wa Chato, homa imempanda mpaka anaongea na watu wasiokuwapo. Nililibeba tofali la barafu mwenyewe. Nilitaka kuona. Dresa aliivunja ndani ya gunia, akalowesha vitambaa, akavipanga shingoni na kwapani mwake, akamtoa blanketi. Kisha akachukua kipande kidogo akamwekea mdomoni anyonye.

Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Bwana dresa, utamuua."

Akaniangalia. "Mzee, nani kakufundisha hivyo? Mnawafunika wagonjwa mpaka wanaiva."

Nilikaa kwenye ngazi ya hospitali mpaka alipotoka. Nikamuuliza kwa njia ya kuzunguka, kama vile naulizia jirani: mwanamke mwenye homa ya siku nne angepewa barafu ya matunda, angepona? Nilitaka aseme ndiyo, ili nijue nimeua, au aseme hapana, ili nilale.

Alifikiri. Akasema, "Kumponya, sidhani. Barafu haiponyi ile homa. Lakini angefurahi."

Ninayo kazi ngumu kukueleza jinsi neno hilo lilivyoniingia. Nilikuwa nimejiandaa kubeba kifo. Sikuwa nimejiandaa kubeba kitu kidogo kama hicho, kwamba mke wangu aliomba kufurahi kijiko kimoja, na mimi nilikuwa nacho.

Ndipo nilipoanza kuleta mkebe kila Jumapili. Fundi wa mashine ya barafu huniachia vipande vinavyovunjika pembeni wakati wa kuitoa kwenye kalibu. Sikukwambia kwa nini. Nilidhani ukila tu, siku moja, jambo litakuwa limesemwa bila mimi kulisema. Hilo nalo ni kosa langu, labda kubwa kuliko lile la kwanza, kwa maana lile la kwanza lilichukua asubuhi moja na hili limechukua miaka minne. Nilikuwekea chakula mahali pa maneno. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, hukuwa na mama, na ulichohitaji ni mtu aseme. Ukaletewa kijiko.

Sina ng'ombe wa kukupa kama baba wengine. Nilichokivumbua kwa mikono yangu ni kimoja, na memsabu amekwisha kukiweka kwenye daftari lake. Nataka kiwe pia kwenye karatasi yako, kwa jina la aliyekitengeneza.

Chukua ndizi mbivu kumi, zile ambazo ganda limeshika madoa meusi na watu wanazipita sokoni. Hizo ndizo zinazoleta ulaini. Usitafute maziwa, ndizi ikiiva hivyo inafanya kazi ya maziwa. Ongeza papai moja la kadiri, usiweke mbegu. Ponda, kisha pitisha kwenye chekecheke mara mbili. Kamua ndimu tatu. Asali vijiko viwili vya kulia, si vitatu, hata mtu akikusihi. Kama ndizi ni tamu sana weka kimoja. Mkebe ujae theluthi mbili tu, maana itavimba ikiganda. Kaza kifuniko, funga kitambaa juu yake na kamba.

Ponda barafu ndani ya gunia kwa nyundo. Vikombe vitatu vya barafu kwa kikombe kimoja cha chumvi ya mawe, tabaka juu ya tabaka, kuuzunguka mkebe mpaka shingoni, si zaidi. Chumvi inaifanya barafu iyeyuke upesi, na ikiyeyuka inavuta joto lote lililomo ndani ya mkebe. Zungusha mkebe kushoto na kulia mara mia nne. Futa kifuniko kabla ya kufungua. Parua pembeni kwa mwiko, rudishia katikati, funga. Mia nne tena. Parua. Mia nne ya tatu. Halafu funika gunia uache saa mbili. Ukizembea mzunguko wa pili itakuwa jiwe. Msimu wa maembe, embe nne badala ya papai. Kukiwa na ukwaju, ndimu si lazima.

Hiyo hata mgonjwa ambaye tumbo lake limekataa kila kitu huweza kumeza kidogo. Nimeona kwa macho yangu kwa yule kijana wa Chato. Siku ya tatu nilimpelekea kikombe, akala, akasema kwao hakuna kitu kama hiki na kwamba akipona ataniozesha dada yake. Alipona. Dada sijamwona.

Kuhusu kazi yako mpya sijui lolote, na masista wanajua. Nina ombi moja tu, na si la mwalimu, ni la mtu aliyekosa. Siku mgonjwa atakapokuomba kitu, na ukasikia mdomo wako unasema hapana upesi sana, simama kidogo ujiulize hapana hiyo imetoka wapi. Inaweza kuwa ya daktari, basi itii. Inaweza kuwa ya shangazi aliyekufa zamani. Mimi sikusimama. Mlangoni palikuwa na mtu ananiambia nisimame, na nikaona ananitukana.

Kwa Holo nimekwenda jana. Nimemwambia, "Shemeji, siku ile ulikuwa na haki." Akaendelea kupepeta mtama muda mrefu. Kisha akasema, "Umechelewa, Baba Kabula." Nikasema najua. Akanipa kiti. Ni mara ya kwanza kunipa kiti tangu matanga.

Barua hii nitaiweka juu ya blanketi lako jioni hii, ili uisome kabla hujalala, si ukiwa safarini ambako huwezi kunijibu. Leo sijatengeneza mkebe. Nimeona nikileta tena utakuwa unanijibu kwa kula au kutokula, na hiyo si njia.

Kesho bwana ana wageni saba. Nimemwambia memsabu sitakuwapo, ninamsindikiza binti yangu mpaka stesheni ya Isaka. Akasema haiwezekani. Nikamwambia viazi vimemenywa, mkate umeokwa, na mapishi yale mengine anayo kwenye daftari. Alinitazama sana. Sijui nikirudi nitakuta kazi au nitakuta mtu mwingine amefunga aproni yangu. Hilo tutalijua likifika.

Lori linaondoka asubuhi saa kumi na mbili. Nitapanda nyuma pamoja na wewe, juu ya magunia. Si lazima uzungumze. Ukitaka kuniuliza habari za mama yako, njia ni ndefu na nitajibu kila utakaloniuliza, hata la kuuma. Ukitaka tukae kimya mpaka Isaka, nitakaa kimya. Na kama ukiisha kusoma haya utaona huwezi kusafiri na mimi, niambie tu lori likisimama Ushirombo, nami nitashuka nirudi kwa miguu bila kukuuliza kwa nini.

Ni mimi baba yako,
niliyekukosea